Watani wa Redio Mpumbu

Katika Redio Mpumbu ya Nchelenge, Zambia, simu ya studio ikilia wakati wa kipindi cha Kiswahili, mtangazaji hushtuka. Mara nyingi ni mtu aliyekosea namba. Mara chache ni mke wa meneja, anayetaka kujua kama mumewe ameshakula.

Mpumbu ni samaki. Wazee husimulia kwamba zamani alikuwa akipanda mto Luapula kwa makundi hadi maji yakawa hayaonekani, na leo kumpata ni bahati. Wenye ulimi husema redio imepewa jina linaloifaa, maana kila mtu anaitaja na hakuna anayeikamata. Husema hivyo kwa Kibemba, na wanaposema hivyo Priscille hujifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.

Priscille ndiye mtangazaji wa hicho kipindi cha Kiswahili. Alivuka mpaka na mama yake, Emilienne, mwaka ule watu wa upande wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, walipokimbia vita na magodoro vichwani. Mama alibaki katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, akalima mihogo na karanga, akasema hataki tena safari yoyote isipokuwa ya kanisani. Priscille alipata kazi redioni na chumba cha kupanga Kashikishi, karibu na soko. Kila siku ya kazi, saa kumi jioni, alikuwa na nusu saa yake: upepo wa ziwa Mweru, boti za kwenda Kilwa ya ng'ambo na kisiwani Chisenga, bei ya samaki, habari za makazi, matangazo ya waliopotelewa na kitambulisho. Kipindi kiliitwa Kando ya Mweru. Alikipenda kama mtu anavyopenda kitu pekee ambacho hakukibeba kutoka alikotoka bali alikipata huku.

Basi asubuhi moja meneja, Bwembya, alimwita ofisini. Bwembya alikuwa mtu mnene, mpole, anayevaa suruali yenye mikunjo mikali kama karatasi ya bahasha, na Kiswahili chake kilimtosha kununua samaki tu. Mambo mazito aliyasema kwa Kibemba, akitia Kiingereza pale palipouma.

"Ba Priscille," alisema kwa heshima, "kipindi cha Kibemba, watu wanapiga simu mpaka laini inachoka. Cha kwako ni kimya. Kamati inaniuliza tunamtangazia nani. Samaki?"

"Watu wanasikiliza, ba Bwembya."

"Wako wapi?"

Priscille alijua wapo, kama unavyojua kwamba kuna watu nyuma ya ukuta, lakini hakuwa amewahi kuwaona.

"Kamati inakaa mwisho wa mwezi," Bwembya akamalizia, kwa sauti ya mtu asiyefurahia anachokisema. "Nionyeshe wasikilizaji kabla ya hapo. La sivyo nusu saa hiyo inakwenda kwa kandanda."

Bahati ilitaka kuwe na semina Mansa wiki hiyo hiyo. Semina hazikosekani Mansa. Hii ilihusu redio ndogo na makundi ya mtandaoni, jinsi ya kuwafanya wasikilizaji washiriki badala ya kukaa kama magunia. Mwalimu alitoka Lusaka, kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo mpaka jioni havikushika vumbi, jambo ambalo lilimfanya Priscille amwamini kupita kiasi. Alisema fungueni makundi ya WhatsApp. Alisema wekeni sheria: hakuna siasa, hakuna biashara, hakuna matusi. Anayetukana atolewe hapo hapo, maana tusi moja huua kundi. Priscille aliliandika hilo neno kwa neno na kulipigia mstari.

Aliporudi alifungua kundi, akaliita Kando ya Mweru, akabandika sheria juu kabisa, kisha akawaingiza watu wote waliokuwa kwenye simu yake: wachungaji, mafundi cherehani, wanakwaya, daktari mmoja wa meno aliyekuwa Lubumbashi. Hakumuuliza hata mmoja. Ukiingia kwenye nyumba ya mtu bila hodi hukaribishwi, na ukimvuta mtu nyumbani kwako kwa mkono naye hakai. Jioni ile simu ilikuwa inaandika tu: fulani ameondoka, fulani ameondoka. Waliobaki walikuwa wamelala au hawakujua kutoka. Akabandika habari za siku. Mmoja akajibu "Amina". Mwingine akatuma picha ya waridi.

Siku kadhaa zilipita hivyo, na Priscille akaanza kuota mipira ya kandanda.

Kilichomwokoa ni uvivu wa watu wengine. Jirani yake, muuzaji wa sabuni, alikuwa kwenye kundi la wafanyabiashara wanaovuka ziwa, na alichoka kulisoma, akamwomba Priscille awe anamsomea kilichomo. Priscille akaona ajabu. Kundi lile halikuwa na sheria wala habari, lakini lilichemka kutwa nzima. Mtu anauliza: ziwa liko vipi? Watano wanamjibu, mmoja kutoka Kilwa, mmoja kutoka Chisenga, mwingine yuko katikati ya maji na injini imezimika na bado ana nafasi ya kuchekesha watu. Priscille alisoma, akacheka, kisha akajiona mjinga. Yeye alikuwa anawapa watu majibu ya maswali wasiyouliza.

Kesho yake hakubandika habari. Aliomba ruhusa kwa wale wafanyabiashara, akawaalika wanaotaka, na katika kundi lake akauliza swali moja kwa Kiswahili cha kwao ng'ambo: "Batu ya Mweru, pale muko, munaona nini asubuhi hii?"

Wa kwanza kujibu alikuwa Djo. Djo alikuwa Mkongomani mwenye boti ya mbao, akisafirisha chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa kwenye mchanga, kutoka visiwani hadi Kashikishi. Alituma sauti, nyuma yake injini ikinguruma. "Miye naona maji, mama ya redio. Na jana ulisema boti hazivuki juu ya upepo. Nilikusikia vizuri. Nilikuwa nakusikiliza katikati ya ziwa, nikiwa navuka."

Priscille aliicheza sauti ile hewani saa kumi, na kelele za injini zote, akaomba radhi kwa kosa la kusema upepo umezuia boti. Kuanzia siku hiyo mambo yalibadilika. Watu walipogundua kwamba ukisema jambo asubuhi, jina lako linasikika jioni kutoka Kilwa mpaka Mantapala, walianza kuamka mapema. Mmoja alileta habari ya daraja lililobomoka, mwingine ya zahanati iliyopata dawa. Kundi likajaa bila kumvuta mtu mkono. Bwembya naye akaingia, akakaa kimya humo ndani kama mtu aliyekaa nyuma kanisani.

Kisha matusi yakaanza.

Aliyeyaanzisha ni Mirriam, muuzaji wa chisense wa soko la Kashikishi, Mzambia wa hapo hapo, mwenye kicheko kinachosikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Kiswahili alikiokota sokoni, kwa wateja wake wa ng'ambo. Djo alipoandika kwamba atafika na mzigo mchana, Mirriam akajibu: "Usifike na ile sura, utafukuza bateja." Djo akasema chisense ya Mirriam ina mchanga mwingi hata mtu akiila mwaka mmoja anaweza kujenga nyumba ndani ya tumbo. Mirriam akauliza kama boti ya Djo inakwenda kwa injini au kwa harufu ya mwenyewe. Watu walitoa vicheko, wakatuma katuni, wengine wakachochea. Priscille aliandika: "Tafadhali tuheshimiane." Hakuna aliyemsikia, kama vile anayepiga filimbi kwenye ngoma.

Alivumilia. Alijikaza kisabuni. Lakini siku moja ikaja habari kwamba mjomba wa Mirriam, mzee aliyemlea, amefariki. Kundi likajaa pole. Priscille mwenyewe aliandika ujumbe mrefu wenye mstari wa Zaburi. Chini yake, Djo akaandika hivi:

"Tunashukuru. Mbuzi moya amepunguka mu shamba. Ule muzee alikuwa muvivu, hata kufa kulimukamata muda murefu. Sasa nani atakunywa munkoyo yenu yote bure?"

Priscille aliisoma akiwa amesimama, akakaa. Mtu amefiwa, na huyu anamwita maiti mbuzi. Hakufikiri mara mbili. Alikumbuka yale maneno aliyoyapigia mstari, akamtoa Djo. Wakati huo huo Mirriam alikuwa ameshajibu: "Na weye ukikufa, nitacheza juu ya kaburi yako na viatu mupya." Basi, ili haki isiegemee upande mmoja, akamtoa na Mirriam. Kisha akaandika onyo kali, lenye maneno kama "heshima" na "ustaarabu", akaweka simu chini na kujisikia mtu wa maana kabisa.

Alipoichukua tena, kundi lilikuwa linavuja. Ameondoka, ameondoka, ameondoka. Wengine waliondoka na neno moja. Mfanyabiashara mmoja wa Kilwa aliandika: "Hii haiko groupe, ni polisi." Asubuhi aliuliza swali lake la kila siku. Watu walisoma, alama zilionekana, na hakuna aliyejibu. Saa kumi alisoma habari peke yake, na sauti yake ilimrudia kwenye vipokea sauti kama sauti ya mtu aliyefungiwa stoo.

Ilibidi aende msibani. Hata kama si kwa ajili ya kundi, Mirriam alikuwa mtu wake wa kumsalimia kila siku, na mtu akifiwa unakwenda. Alinunua unga wa mihogo, akajifunga kitenge, akaenda huku akipanga maneno ya kumpa mfiwa moyo baada ya tusi lile.

Uani alikuta wanaume wamekaa kuzunguka moto, wanawake wamejaa mlangoni, na katikati ya watu wote alikuwa Djo. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu na koti la marehemu. Alitembea kwa kuchechemea, mkono kiunoni, akigombeza kuku kwa sauti ya kizee, akidai nani ameficha tumbaku yake. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliangalia mwendo ule, akashika mdomo, kisha akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baada ya hapo akalia kweli kweli, kilio kile ambacho kinashusha mzigo. Wanawake wakamkumbatia. Djo akavua kofia, akaenda kupasua kuni.

Priscille alisimama na unga wake mkononi. Hakuelewa chochote.

Mirriam alimwona. Hakumpokea unga. "Ba journaliste umefika," alisema. "Umekuja kututosha na huku, sawa vile ulitutosha mu groupe?"

"Ba Mirriam, pole sana. Nilimutosha Djo juu alikutukana. Mu kilio. Sikuweza kuvumilia."

"Djo hakunitukana. Weye njo ulinitukana." Mirriam alisema polepole, naye hakuwa anacheka, na hapo ndipo Priscille alipoogopa. "Djo ni Chui. Miye ni Mbuzi. Chui na Mbuzi ni banungwe. Hii kaburi yote, Chui njo banachimba. Kuni, maji, kubeba sanduku, ni beye. Na kinywa yao ni ya kutuchekesha, tusikufe na siye. Miye sikukasirika na Djo hata siku moya. Lakini weye ulinifukuza mbele ya batu, siku yaya ya mama yangu, kaka yake mukubwa, alikufa."

Ilikuwa hivyo. Kule Luapula kila mtu ana ukoo, mara nyingi wenye jina la mnyama, nao huitwa mukowa, na ukoo unarithiwa kwa mama. Na kila ukoo una watani wake, ndio hao banungwe, ambao ni wajibu wao kukutukana kwa raha na kukuzika kwa machozi. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye mwenye aibu. Koo zenyewe hazijui mpaka. Chui wapo Kilwa kama walivyopo Nchelenge, wanavuka ziwa bila pasi. Kabla ya kurudi kwa mama yake Pweto, Priscille alikuwa amelelewa Lubumbashi kwa shangazi, dada wa baba yake, mjini, ambako watu walimuuliza unakaa barabara gani na siyo wewe ni mtu wa nani. Hakuyajua. Mwalimu wa viatu vyeupe hakuyajua pia, lakini yeye alikuwa ameshapanda basi lake.

"Na weye uko mwina nani?" Mirriam akamuuliza, yaani ukoo wake upi.

"Sijui. Siye tuko bakimbizi tu."

"Mukimbizi haiko mukowa. Uliza mama yako."

Alimpigia pale pale, kando ya tangi la maji. Emilienne alikuwa shambani, akapokea akihema. Alipoulizwa, jembe lilisikika likiwekwa chini. "Mbuzi, mutoto wangu. Siye ni bena Mbushi. Nani hakukuambia?" Kisha akajibu mwenyewe, taratibu: "Ni miye sikukuambia. Tulikimbia na vitu mingi, ile nikaisahau."

Mirriam alisikia, maana simu ya Priscille ilikuwa na spika iliyoharibika inayosema kwa nguvu muda wote. Akaupokea unga. "Basi uko mudogo yangu," alisema. "Ingia jikoni, kuna vyombo." Priscille akaosha vyombo vya msiba mpaka vidole vikakunjamana, na hakuna siku nyingine katika maisha yake ya Zambia aliyokuwa ameona aibu na furaha kwa pamoja kiasi kile.

Aliwarudisha Djo na Mirriam kundini, akaomba radhi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki yote. Wachache walirudi, wengi walisubiri waone, na kamati haikusubiri. Ilikaa, ikaangalia siku zile za kimya, ikaamua. Bwembya alimwita na kumwambia bila kumtazama usoni. Ijumaa ndiyo ingekuwa siku ya mwisho ya Kando ya Mweru. Jumatatu, kandanda.

Priscille alirudi chumbani, akalala chali mchana kweupe. Alilia, tena siyo kidogo. Aliwaza wale watu wa makazi wanaokaa na redio moja kwa nyumba tano, mama yake akiwa mmoja wao, ambao wangegeuza kitufe Jumatatu na kukutana na magoli ya timu zisizowahusu. Alijiwaza na yeye pia. Bila nusu saa ile angekuwa mtu gani hapa?

Ndipo wazo likamjia, wazo la kipuuzi hata akakaa kitandani. Meneja wake, Bwembya wa suruali za mikunjo, alikuwa amesimama na wafiwa siku ile ya maziko, na Djo alikuwa amemtaka kwa mzaha alipe ili kaburi lifunikwe, kama Chui wanavyomtoza kila Mbuzi. Kwa hiyo Bwembya alikuwa Mbuzi.

Alichukua simu, akaandika kundini kwa namna ile ile watu wa ziwa wanavyotangaza msiba:

"Bena Ngo bote, ba Chui ya Kilwa, ya Chisenga, ya Nchelenge. Kwetu bena Mbushi kuna kilio. Kipindi yetu, Kando ya Mweru, itazikwa Ijumaa saa kumi, ku Redio Mpumbu. Bafiwa ni miye Priscille na ba Bwembya. Kaburi haiko na wa kuichimba."

Djo alijibu kwa neno moja tu: "Tunakuya."

Ijumaa, jua likiwa bado kali, Bwembya alisikia kilio kinatoka upande wa soko. Alidhani ni msiba wa kweli unapita, akavua kofia kwa heshima. Kilio kikakata kona, kikaja moja kwa moja mlangoni kwake. Mbele alikuwa Djo, amejipaka majivu usoni, na nyuma yake Chui sita wamebeba begani kreti la samaki, ndani yake redio mbovu iliyofunikwa kitenge. Nyuma yao walikuja watu. Walikuwepo waliovuka kutoka Chisenga asubuhi ile. Walikuwepo wa Mantapala kwa baiskeli, wanawake watatu wa kwaya wakiwa na sare, na Emilienne, ambaye aliapa hataki safari nyingine, ameketi nyuma ya baiskeli ya mtu na miguu imening'inia. Waliujaza uwanja, wakakaa chini kama msibani. Priscille alitoka mlangoni na kuwaangalia. Wako wapi, alikuwa ameulizwa. Ndio hawa. Walikuwa na sura, na viatu vyenye matope, na mmoja alikuwa na meno ya dhahabu.

"Yo, tumekufiwa," Djo akalia. "Kipindi imekufa. Ilikuwa inasema bongo, uongo mutupu, juu ya upepo, lakini ilikuwa yetu. Mbuzi wameikula sawa vile wanakulaka nguo ku kamba."

Bwembya alikunja uso wa umeneja. "Hii ni ofisi," alianza.

"Muangalie Mbuzi mufiwa," Djo akaendelea, akizunguka tumbo la meneja kama mnunuzi. "Mwenzake amekufa na yeye ananenepa. Bena Mbushi, mulipe. Bila kulipa, hatuziki, na maiti italala hapa mu mulango mpaka inuke."

Hapa Bwembya alifikwa. Kila mtu uwanjani alimtazama, na kila mtu alijua sheria, hasa yeye. Mbuzi akimkasirikia Chui mbele ya maiti, kisa chake kitasimuliwa mpaka Mwansabombwe, na watoto wake watachekwa shuleni. Alitia mkono mfukoni, akatoa noti. Chui wakaipokea, wakainusa, wakamrudishia. Alijitolea kuku. Wakasema kuku wa Mbuzi wamekonda. Mirriam, ambaye alikuwa upande wa wafiwa kwa haki yote, alikuwa amejifunika kitenge usoni na mabega yanatikisika.

"Basi mnataka nini?" Bwembya akauliza, kwa Kiswahili chake cha kununulia samaki.

"Nusu saa," alisema Djo.

Meneja alitazama uwanja mzima, baiskeli na sare za kwaya na mama yule aliyening'iniza miguu. Midomo ilimcheza. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikageuka, na kicheko kikamtoka kama mtu aliyekibeba tangu asubuhi. Alicheka akashika ukuta. "Chukueni maiti yenu," alisema mwishowe, kwa Kibemba, akijifuta macho. "Mwende nayo studio, saa kumi imefika. Kamati nitaiambia mimi. Nayo ina Mbuzi wawili. Wakikataa, nitawaonyesheni ninyi Chui nyumba zao."

Ndivyo Djo alivyoingia studio na majivu usoni. Priscille akafungua kipaza sauti, akasalimu, akatangaza kwamba kipindi hakijazikwa. Uwanja ukapiga vigelegele hadi vikasikika hewani. Kisha akamkaribisha mgeni wake aseme neno, akitegemea shukrani.

Djo alisogea. "Batu ya Mweru," alisema, "nilikuwa sijui kama huyu Priscille ni Mbuzi. Sasa nimejua juu ya nini anasoma habari vile. Mbuzi akipata karatasi anatafuna tu. Anameza yote, haulizi kama ni gazeti ao ni Biblia. Na ku kilio aliosha sahani zote za Mirriam, lakini samaki yake bado inanuka, maana yake hata kuosha hajui."

Nje walikuwa wanaangua vicheko. Priscille alifungua mdomo. Alitakiwa kumrudishia, alikuwa na jibu, kwamba Chui wa siku hizi wamezeeka, wanakula chisense, hata kuku wa Chisenga wanalala mlango wazi. Halikutoka. Tangu avuke mpaka, watu wa ziwa hili walikuwa wamemwambia karibu, na pole, na tafadhali ukae. Wote walikuwa na adabu naye. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtukana.

Alifunika kipaza sauti kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtiririka tu.

Djo alishtuka, akamwinamia. "Nimekukosea?" alinong'ona.

Priscille alitikisa kichwa, akatoa kiganja.

"Hapana, yaya," alisema, na watu wote wa ziwa wakamsikia. "Unitukane tena."